Mti wa kupunguza bili, na ayala anayeumaliza

Swali: "Tunakaa Iowa City, jimbo la Iowa, huu ni mwaka wa saba tangu tutoke Kongo. Mwaka juzi tulinunua nyumba ya zamani karibu na msitu. Bili ya gesi wakati wa baridi inatumaliza. Mji ulihimiza watu wapande miti, wakasema kivuli na kinga ya upepo hupunguza gharama. Tukapata vocha, tukapanda thuja sita, ile miti ya kijani mwaka mzima, upande wa upepo na mwaloni mmoja upande wa magharibi. Mwezi wa kumi mwaloni ukachunwa gome. Kufika mwezi wa pili zile thuja zimeliwa zimebaki vijiti. Ni wale wanyama wanaofanana na swala. Lengalenga na matembele yangu walishamaliza kiangazi. Sasa jirani anasema wawindaji wa upinde wataruhusiwa huku kwetu. Mji unasema wanyama wamezidi, lakini mimi nikatazwe kuwagusa. Mume wangu anataka kutega waya kama kwao Fizi. Mama mkwe anawaonea huruma, anawamwagia mahindi na bugali uliobaki. Watoto wanataka wakamatwe wapelekwe porini. Mwenye haki ni nani? Na hizo pesa za kuwinda wanyama, si bora zingetusaidia bili? Halafu naogopa kupe kwa ajili ya watoto."

Jibu:

Dada, nimekusoma mara mbili. Mfikishie mama mkwe shikamoo yangu, maana yeye ndiye nitakayempinga kuliko wote humu, na sitaki adhani simheshimu.

Nikikuelewa vizuri, unasema hivi: mji ulikupa mti ili upunguze bili, kisha mnyama wa mji huohuo akaula. Mti huna, bili ni ileile, na kila mtu nyumbani ana dawa yake. Una haki ya kukasirika. Idara ya nishati na idara ya wanyama zimekuja kila moja na karatasi yake, na hakuna aliyekuambia kwamba karatasi hizo mbili zinakutana kwenye shina la mti mmoja. Nilisomea wanyamapori Chuo cha Mweka, Tanzania, na kwa miaka kumi na minne nimeshughulika na miti na wanyama wa mijini huku Midwest, majimbo ya katikati ya Marekani, kwa hiyo nayajibu yote kwa pamoja.

Tuanze na jina, kwa sababu litatueleza habari ya gome. Huyu si swala, wala si kulungu. Swala na kulungu wa kwetu wakishaota pembe wanakaa nazo mpaka kufa. Huyu ni ayala, yule wa Zaburi ya 42, wa aina ya mkia mweupe. Dume lake huangusha pembe kila majira ya baridi na kuota nyingine. Kiangazi chote pembe mpya zimevikwa ngozi laini kama mahameli. Ukifika mwezi wa tisa ngozi hiyo hukauka, naye huisugua kwenye mti mpaka itoke. Hata ikishatoka haachi: mwezi wa kumi na wa kumi na moja ni wakati wao wa kupandana, na dume anasugua paji la uso na pembe kwenye shina ili aache harufu yake, wenzake wajue yupo. Anapenda shina laini lisilozidi unene wa mkono, lililosimama peke yake mahali pa wazi. Mti uliotoka dukani umekamilisha sifa hizo zote.

Mti hauumii sana kwa kupoteza matawi mawili. Unaumia gome likichunwa, kwa sababu mirija inayoshusha chakula kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi imepita hapo hapo chini ya gome. Gome likitoka kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa hata kama juu majani bado ni ya kijani, na unaweza kuuona mti mzuri mwaka mzima kabla haujakauka. Kwa hiyo chukua uzi, zungusha shina pale palipochunwa, pima mzingo wote, kisha pima sehemu iliyo wazi. Kama kidonda ni chini ya nusu, mwaloni wako una nafasi nzuri ya kupona. Kata kwa kisu kikali yale magome yanayoning'inia, kidonda uache wazi. Usipake lami wala rangi. Watu wanapaka kwa nia njema na kufungia unyevu ndani. Kama kimezidi robo tatu, panda mwingine, usipoteze miaka mitatu ukisubiri.

Thuja ni habari nyingine, na hapa nakuonea uchungu zaidi, kwa sababu ulifanya kama ulivyoambiwa. Mti wa kijani mwaka mzima, upande wa kaskazini-magharibi unakotoka upepo wa baridi, ni ushauri sahihi wa nishati. Lakini kwa ayala thuja ni kama sahani iliyowekwa mezani. Mwezi wa pili, theluji imefunika nyasi na mbegu za mialoni zimeisha, jani bichi laini ni hilo tu. Nimesimama mbele ya nyua nyingi za thuja zilizoliwa mpaka urefu wa kifua cha mtu, juu kijani, chini fimbo tupu, na upepo unapita pale chini kwa raha zake. Ukitazama ncha za vijiti utaona zimechanika kama uzi uliovutwa. Ayala hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hung'oa badala ya kukata. Sungura akikata, kijiti kinabaki na mkato safi kama wa kisu. Angalia na matembele hivyo hivyo kabla ya kulaumu.

Watoto wanataka wapelekwe porini, na najua wanafikiri hivi: mji umekula msitu, wanyama hawana pa kwenda, wametukimbilia sisi. Kwetu mara nyingi ndivyo ilivyo. Hapa ni kinyume. Mwishoni mwa karne ya 19 ayala walikuwa karibu kwisha Iowa kwa kuwindwa hovyo. Jimbo likafunga uwindaji mwaka 1898, na halikufungua msimu tena mpaka 1953. Mbwa mwitu nao walishaondolewa. Ayala akarudi, akakuta mashamba ya mahindi na soya, na mijini akakuta pazuri kuliko porini: msitu mdogo wa kujificha kama ule wa bustani ya mji ya Hickory Hill, bustani zinazomwagiliwa, hakuna mnyama wa kumla, na bunduki haziruhusiwi. Jike aliyeshiba huzaa kila mwaka, mara nyingi pacha, na wengine hubeba mimba kabla hawajafikisha mwaka mmoja. Kundi la namna hiyo lisipopunguzwa na kitu linaweza kuwa maradufu ndani ya miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo hao hawakupotea njia. Mama zao walizaliwa kwenye uwanja wa jirani yako.

Na kuwahamisha? Ayala hukamatwa kwa taabu na huvumilia hofu vibaya. Baadhi hufa kwa kuharibika misuli siku chache baada ya kukamatwa, na kati ya waliobaki wengi hufa kwa kuwekwa mahali wasipopajua. Zaidi ya hayo kuna ugonjwa wa kukondesha unaowashika ayala, unaosababishwa na protini iliyojikunja vibaya, hauna dawa wala chanjo, na ulionekana kwa ayala wa porini Iowa mwaka 2013. Kumhamisha mnyama ni kuhamisha na ugonjwa. Waambie watoto kwamba kumpeleka porini, kwa ayala, mara nyingi ni kumuua polepole mahali wasipomwona. Na mwezi wa tano au wa sita wakikuta mtoto wa ayala mwenye madoadoa amelala peke yake kwenye nyasi, wasimbebe. Mama yake amemficha makusudi, atarudi kumnyonyesha.

Sasa mama mkwe. Mama, huruma yako naiheshimu, lakini mahindi yanawaua. Ayala hucheua kama ng'ombe. Tumboni mwake kuna vijidudu vinavyomsagia chakula, na vijidudu hivyo hubadilika kwa majira. Wakati wa baridi vimejipanga kusaga vijiti na matumba makavu. Ukimwaga mahindi au bugali ghafla, wanga ule unachacha haraka, tumbo linajaa asidi, na mnyama anaweza kufa tumbo likiwa limeshiba. Pia mahali pa kulishia huwakusanya pua kwa pua, na hivyo ndivyo ugonjwa unavyopita. Na wanaokuja kwa mahindi wanamalizia na thuja za mwanao. Mji wenu unakataza kuwalisha, na hiyo ni kanuni mojawapo ambayo ningeitetea hata kama haingeandikwa.

Kwa mume wako nitasema wazi: asitege. Fizi kitanzi cha waya ni maarifa ya wazee, hapa ni kosa la jinai. Ayala ni mali ya jimbo hata akiwa amesimama jikoni kwako, na kumpata kunahitaji leseni, msimu na silaha inayoruhusiwa. Waya haumchagui ayala tu, unamkamata na mbwa wa jirani. Kama familia yenu bado iko kwenye safari ya karatasi za uraia, shitaka la namna hiyo ni mzigo msioutaka. Kama ni nyama anayoitamani, njia iko: asome kozi ya usalama wa uwindaji, achukue leseni, awinde kwa msimu. Wakongomani na Waburundi kadhaa ninaowafahamu wamefanya hivyo, na friza zao hazikai tupu. Hata ayala aliyegongwa na gari barabarani anaweza kuchukuliwa kihalali, ila lazima kwanza upate kibali kutoka kwa polisi au afisa wa wanyamapori.

Mji wenyewe umefanya nini? Mambo hayakuwa mepesi. Iowa City ilipotaka kuleta walenga shabaha, yaani wataalamu wa bunduki wanaolipwa, tume ya maliasili ya jimbo ilikataa mwanzoni, ikitaka wawindaji wa kawaida wa upinde wapewe nafasi. Baada ya mvutano walikubaliana: msimu mmoja wa walenga shabaha, halafu uwindaji wa upinde miaka inayofuata. Majira ya baridi ya 2019 kuingia 2020 kampuni ya White Buffalo iliua ayala 500 ndani ya mji, na nyama ikagawiwa. Mwaka uliofuata pinde zilianza, na waliopatikana walikuwa wachache mno. Hilo halinishangazi. Upinde ni wa hatua chache, mwindaji anahitaji ruhusa ya mwenye ardhi, na viwanja vya mjini ni vidogo. Upinde unafaa kushikilia idadi iliyokwisha kupunguzwa, na hauwezi kuishusha idadi iliyokwisha kupanda. Haya ni maoni yangu na si wote katika kazi hii wanakubali.

Njia ya kuzuia uzazi ipo pia. New York ilianza mwaka 2016 kuwafunga mirija ya mbegu madume wa kisiwa cha Staten Island, na Ann Arbor, Michigan, mwaka 2017 ilifunga vizazi vya majike huku ikiwaua wengine. Inapunguza watoto wanaozaliwa, lakini kila mnyama lazima alazwe kwa dawa na kupasuliwa, gharama ni kubwa, na ayala aliyefungwa uzazi ataendelea kula matembele yako mpaka afe kwa uzee. Inafaa zaidi kisiwani, ambako wageni hawaingii kwa urahisi.

Kuhusu mishale na watoto wako: wawindaji hawa hupimwa shabaha kwanza, na kwa kawaida hukaa juu ya mti wakilenga chini, kwa hiyo mshale ukikosa unaingia ardhini. Hawana ruhusa ya kuingia kwenye kiwanja chako bila wewe kukubali. Piga simu ofisi ya mji, uliza ni viwanja gani na tarehe gani. Hiyo ni haki yako.

Tufike kwenye pesa. Ningependa kukuambia kwamba wakiacha kuwinda, bili yako itashuka, lakini si kweli. Msaada mkubwa wa bili na wa kuziba nyumba hautoki kwenye mfuko wa mji wa wanyama. Unatoka serikali kuu, unapita jimboni, na katika kaunti yenu ya Johnson unagawiwa na shirika linaloitwa HACAP. Kwa msaada wa bili, uitwao LIHEAP, maombi Iowa hufunguliwa tarehe 1 Novemba, lakini nyumba yenye mzee wa miaka 60 au zaidi huanza tarehe 1 Oktoba. Kama mama mkwe amefika umri huo, yeye ndiye ufunguo wenu: ombeni Oktoba, kabla foleni haijawa ndefu. Na nyumba iliyokubaliwa kwenye mpango huo haikatiwi gesi wala umeme kati ya tarehe 1 Novemba na 1 Aprili. Mjini pia vijana wa Green Iowa AmeriCorps wamekuwa wakikagua nyumba na kuziba nyufa. Uliza kama wanapokea maombi mwaka huu. Kila unapokwenda omba mkalimani wa Kiswahili. Usimfanye mtoto atafsiri habari za mapato yenu.

Na mti haukuwa dawa ya kwanza ya bili yako. Mji una malengo makubwa: mwaka 2019 baraza lilitangaza hali ya dharura ya tabianchi, likaahidi kupunguza hewa chafu kwa asilimia 45 ifikapo 2030 ukilinganisha na 2010. Miti imo humo, na baada ya dhoruba ya tarehe 10 Agosti 2020 kung'oa zaidi ya nusu ya kivuli cha Cedar Rapids, jirani zenu, kila mtu huku ameona thamani yake. Lakini mwaloni wa kivuli unahitaji miaka minane, kumi, kabla haujagusa dirisha. Na kivuli husaidia kiyoyozi kiangazi, ilhali kinachokumaliza wewe ni gesi ya mwezi wa kwanza.

Nyumba ya zamani wakati wa baridi hufanya kazi kama dohani. Hewa ya moto hupanda, hutokea darini kwenye matundu ya taa, ya mabomba, pembeni mwa kifuniko cha dari. Na kadiri inavyotoka juu, hewa ya baridi huvutwa kuingia chini, kwenye kingo za sakafu na soketi za umeme. Ndiyo maana miguu inaganda huku hita inanguruma. Siku ya upepo washa kijiti cha udi, zima feni zote, pitisha moshi taratibu pembeni mwa madirisha, soketi, mlango wa darini. Moshi ukilala au ukivutwa, hapo ndipo pesa zinapopotelea. Ziba matundu ya darini kwanza, madirisha baadaye. Watu wengi huanza na madirisha kwa sababu ndiyo wanayoyaona. Kisha pima kwa rula kina cha sufi ya kuzuia baridi iliyoko darini. Kwa baridi ya Iowa, ile ya karatasi zilizosagwa inatakiwa iwe kati ya sentimita 35 na 45. Nyumba nyingi za umri wa yako zina 10 au 15. Ila msifunike nyaya za zamani wala mabomba ya moshi kabla fundi hajaziona, na muwe na king'ora cha monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa sababu nyumba iliyozibwa vizuri haisamehi hita mbovu.

Mti upandwe vilevile, lakini uvikwe. Nunua wavu wa waya mgumu wenye urefu wa mita 1.5 au zaidi, tengeneza duara la kipenyo cha mita moja hivi, ufunge kwenye nguzo mbili za chuma zilizopigwa ardhini. Usiufunge ukagusa shina. Ayala ataingiza mdomo na dume atasukuma. Uache mpaka matawi ya chini yapite kimo cha mtu. Upande wa upepo badala ya thuja weka sprusi au juniperi: ayala mwenye njaa kali hakatai kitu, lakini hizo huziacha mwisho. Kama unataka kuokoa thuja zenye kijani juu, usitegemee sana kwamba chini patachipua. Panda vichaka vifupi mbele yake vizibe upepo.

Lengalenga na matembele yanahitaji uzio. Uzio wa uhakika ni mita 2.4, na hiyo ni gharama. Kwa kitalu kidogo cha mita tatu kwa tatu nimeona mita 1.5 inatosha, kwa sababu ayala haruki kuingia mahali pembamba asipoona pa kutua. Dawa za kunyunyiza zenye mayai yaliyooza zinafanya kazi, ila mvua ikinyesha unarudia, na sipendi zinyunyizwe kwenye mboga ya kula.

Kupe: ayala huwalisha kupe wakubwa, lakini kijidudu cha Lyme, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, kupe hukipata zaidi kwa panya wa msituni. Kwa hiyo kupungua kwa ayala peke yake hakukuondolei hofu. Watoto wakaguliwe kila jioni kiangazi, nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti. Kupe akipatikana avutwe kwa kibano karibu na ngozi, moja kwa moja, bila mafuta wala kiberiti. Kwa kawaida anahitaji zaidi ya siku nzima akiwa ameng'ang'ania ndipo aambukize. Duara jekundu linalopanuka au homa ndani ya wiki chache, mpeleke mtoto kliniki siku hiyo hiyo, useme neno kupe.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Ukinusa gesi au king'ora kikilia, tokeni nje kwanza, simu baadaye. Ukiona ayala aliyekonda, anayedondosha mate, asiyeogopa watu, usimsogelee. Mwite afisa wa wanyamapori. Na huo mwaloni, kama uzi umekuonyesha kidonda cha kati ya nusu na robo tatu, mwite mtaalamu wa miti wa mji auone kwa macho, maana hapo hata mimi nisingeamua kwa picha. Nenda naye mpaka kwenye thuja pia, umwonyeshe vile vijiti vilivyochanika, umwombe amfikishie aliyekupa vocha kwamba kila mti wanaoutoa utoke na waya wake.

Madume wanaanza kusugua mwezi wa tisa. Waya uwe umesimama kabla ya hapo.